Kura ya Mazishi

Siku hizi mashabiki ndio wanaowaamulia wachezaji wa chuo kila jambo kwa kura: wale nini, walale saa ngapi, waende wapi. Sekela, mchezeshaji mpya wa timu ya kikapu, yule anayewagawia wenzake mipira, alikuwa na wiki tatu tu chuoni baba yake alipofariki. Akaomba kwenda kwao Tukuyu kumzika. Mashabiki wakakataa, maana Jumamosi kulikuwa na mechi.

Alimpigia mama yake simu huku akilia. "Mama, wamenikatalia."

"Na mimi nilipiga kura, mwanangu. Nilisema ubaki. Wakikutoa kwenye timu, utarudi huku ufanye nini?"

Sekela alikata simu. Kocha alipomwita mazoezini alikwenda, na siku ile hakukosea hata pasi moja.