Thamosi ya Gesare

Shemeji yake alipoiona thamosi, alitabasamu. "Umeniletea chai?"

Gesare aliiweka thamosi juu ya kaunta. Mbolea aliyonunua kwenye duka hili la shemeji, ambayo tayari alikuwa amemwaga nusu gunia kwenye michai yake, haikuwa ya kawaida: kijiko kimoja alichokitia kwenye maji jana kilikuwa hakijayeyuka hadi leo. Alipompigia simu asubuhi, shemeji alicheka. "Maji ya huku Sosiot ni baridi mno, shemeji. Hata sukari ingekusumbua."

Lakini chumvi aliyoitia kwenye maji yale yale ilikuwa imepotea yote.

Sasa aliweka glasi juu ya kaunta, akamimina kutoka kwenye thamosi maji yanayofuka mvuke, akachota kijiko cha mbolea kutoka gunia lililokuwa wazi. Akakoroga kwa muda mrefu. Rangi ya kijani ikatoka. Chini zikabaki punje nyeupe, zikigonga glasi kama changarawe.

Wateja wawili wakasogea kutazama.

"Hii ni nini, shemeji?" Gesare aliuliza.

"Si nimekwambia maji yako ni baridi?" shemeji alisema, akiinyakua glasi ili akayamwage maji nje.

Akaiachilia papo hapo, akaanza kupuliza vidole.