Dakika Nne za Walimu

Mwalimu mkuu alitaka kujua kwa nini walimu wake hawachangii mikutanoni, akamwomba mwalimu wa hesabu apime kwa saa nani anazungumza kwa muda gani. Karatasi ilipomfikia, alidhani macho yanamdanganya. Kati ya dakika hamsini, walimu wote kumi na wawili walikuwa wamezungumza dakika nne. Zilizobaki zilikuwa zake.

Wiki iliyofuata aliuliza swali moja tu: "Darasa la nne lina shida gani?" Kisha akanyamaza.

Mtu akakohoa. Maneno yalimjaa mwalimu mkuu mdomoni, akayameza. Alikibana kifuniko cha kalamu hadi kikamwachia alama kidoleni.

Ndipo mwalimu wa darasa la nne, mama mtu mzima ambaye hakuwahi kufungua kinywa mkutanoni, akasema taratibu, "Mwalimu, watoto kumi na tisa hawajui kusoma. Nilikuja ofisini kwako mwaka jana nikakuambia. Ukasema nisikuchafulie ripoti."

Wenzake waliinamisha vichwa. Mwalimu mkuu alihisi uso unamwaka. Jibu la kujitetea lilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

"Endelea, dada yangu," alisema.