Ubapa wa Koseti

"Nyoosheni mikono mbele. Viganja chini, vidole juu," alisema daktari wa kiwanda.

Ndivyo walivyokaguliwa kila mwezi hapo Burslem, Uingereza, wanawake waliopaka maua vyombo vya udongo. Ambaye kiganja chake kilining'inia aliachishwa kazi papo hapo, kwa kuwa sumu ya madini ya risasi yaliyomo kwenye rangi ilikwisha kumwingia.

Kiganja cha kulia cha Keziah kilikuwa kimelegea tangu Pasaka. Maisha yake yote alichonga ncha ya brashi kwa ulimi, ndipo akachora waridi. Asubuhi hiyo alichomoa ubapa wa chuma kwenye koseti yake ya kubana kiuno, akaufunga kwa kitambaa chini ya kifundo cha mkono ili kiganja kisining'inie, na mkono wa gauni ukauficha.

Daktari akasimama mbele yake. Ubapa ulimchoma nyama, naye akatabasamu.

"Chakula unakula?"

"Huyu? Tunamnyang'anya sahani asije akaila na yenyewe," akadakia mwenzake aliyemfuata kwenye foleni, na wanawake wakacheka.

"Haya, rudi kazini."

Keziah akaondoka akipita kando ya foleni. Mwishoni alisimama bintiye, ambaye Keziah mwenyewe ndiye aliyemfundisha kulamba brashi. Siri ya chuma hakumwambia, asije akamtia hofu.

Binti akamshika gauni pale palipofichwa chuma, kwa mkono wake wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umejificha chini ya aproni.

"Mama," akanong'ona, "nipe hicho chuma. Upesi."