Mjusi Aliyeidharau Ardhi

Mjusi alitembea kwenye dari ya ghala refu, miguu juu kichwa chini, akimcheka rafiki yake Konokono aliyekuwa ukutani.

"Ardhi nzima yanivuta, nami naishinda kwa vidole tu!"

"Kweli vidole vyako vina nguvu," alisema Konokono, "lakini hushika vinachokigusa tu. Ardhi huvuta hata isichokigusa."

"Kwa nini ivute?"

"Kila kitu huvuta kingine, ndugu yangu. Ardhi ni kubwa, ndiyo maana twauhisi mvuto wake. Zaidi ya hapo sijui."

Mjusi akacheka, akamrukia nondo aliyekuwa akipita. Hewani vidole vilitapatapa visipate pa kushika. Akaanguka, akapigiza mgongo sakafuni, asiinuke tena.

Konokono alishuka upesi kadiri alivyoweza. Alipofika, siafu walikuwa wamekwisha kumbeba.