Gari Lililosusiwa

Benedikto wa Mingoyo alikuwa fundi wa tatu asubuhi hiyo. Wawili wa Lindi mjini walimtazama Gulamabbas, wakalitazama gari lake, kisha wakamwambia arudi nyumbani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Gari linaunguruma. Mimi silisikii, lakini linaunguruma."

Benedikto alidhani ni utani. Haukuwa utani. Mzee alikuwa na duka la vitambaa na masikio mazito, na kwa miezi minne alimwapia mkewe kwamba gari halina kelele yoyote. Fatemabai naye akaapa: hapandi tena mpaka linyamaze. Tangu hapo alikwenda kwa bajaji sokoni, harusini, hata hospitali, na mumewe alimfuata nyuma polepole na gari tupu, taa za dharura zikiwaka na kuzima kama msafara wa waziri. Mji mzima ulikwishazoea.

Mzee aliyaeleza hayo yote kwa sauti ya mtu anayesoma bei za vitambaa.

"Na leo amekubali kupanda?" Benedikto aliuliza.

"Leo hajasema neno."

"Basi bado amenuna. Anatoka saa ngapi?"

"Saa nane. Wanawake wako naye chumbani, wamefunga mlango, wanamwandaa. Nataka likimbeba liwe kimya."

"Harusi ya nani, mzee?"

Gulamabbas alimpa ufunguo wa gari. Masikio hayo, Benedikto aliwaza.

Walilijaribu kwenye barabara ya Mtwara. Mwendo ulipofika sitini, mngurumo ulianza, mzito, kama mashine ya kusaga iliyo nyumba ya tatu. Benedikto alipokata kushoto ulipanda. Alipokata kulia ulipungua.

"Uzito ukilalia kulia ndipo linalia," alitangaza kama hakimu. "Beringi ya mbele, upande wa kulia."

Gereji, alipiga jeki, akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Likacheza.

"Weka mkono hapa kwenye springi, mzee."

Benedikto alilizungusha gurudumu. Mkwaruzo ulipita kwenye chuma mpaka vidoleni mwa Gulamabbas. Gurudumu lilisimama, na mkono wake ukabaki palepale.

"Alikuwa anasema kweli," alisema.

"Wake zetu ndiyo zao. Kamwombe radhi kabla hajafungua mdomo, mzee. Akianza yeye, umekwisha."

Beringi mpya mzee alikuja nayo, bado imo kwenye boksi lake. Fatemabai aliinunua mwenyewe tangu mwezi wa Ramadhani, akaiweka katikati ya meza ya chakula. Kila siku mumewe aliisogeza pembeni ili aufikie mkebe wa chumvi.

Ile ya zamani ilikuwa imeganda. Benedikto aliigonga kwa nyundo saa nzima, akaitukana kwa Kiswahili, halafu kwa Kimakonde, ndipo ikatoka. Gulamabbas alikaa juu ya tairi bovu, chai ikimpolea mkononi. Simu yake ilitetemeka, ikanyamaza, ikatetemeka tena.

"Wasim anakupigia," Benedikto alisoma kwenye kioo cha simu. "Ni mwanao huyo?"

"Ndiye."

"Hupokei?"

"Atasema nirudi. Funga nati."

Saa saba na robo gari lilishuka chini.

"Twende wote mpaka nyumbani," mzee alisema. "Peke yangu nitasikia nini?"

Benedikto alikaa kushoto, sikio dirishani, uso wa mtu anayesikiliza khutuba. Sitini, hakuna kitu. Themanini, hakuna kitu.

"Kimya?"

"Kimya, mzee."

Gulamabbas aliuliza hivyo mara tano kabla ya kuingia Lindi, na mara tano alijibiwa.

Nje ya nyumba palifungwa turubai. Viti vilipangwa, na wanaume walijaa barazani. Benedikto alifuta grisi mikononi na kuyapanga maneno yake: shikamoo mama, mzee ana jambo la kukuambia. Kisha akashuka haraka, akamfungulia mama mlango wa mbele.

Wanaume sita walitoka ndani na jeneza mabegani, wakampita Benedikto pale mlangoni, wakaenda kumwingiza Fatemabai kwa nyuma.