Mkia wa Mnyororo

Mnyororo wa mwisho ulibaki na mkia mrefu, na mama mkwe hakuwa mtu wa kuvumilia mikia.

“Na huo?” aliuliza, akiuonyesha kwa gazeti alilolikunja mkononi. “Ukilegea njiani utachapa lami, kisha utachapa watu. Ufunge mahali. Na kulabu ing'ate chuma, isishike rangi tu.”

“Sawa, mama,” alijibu mkwe wake kutoka uvunguni mwa tela.

Jina lake halisi lilikuwa limeshasahaulika. Tangu trekta alilolifunga mwezi uliopita lilipoteleza kwenye tela na kutua ndani ya bwawa la bata wa jirani, kila mtu alimwita Bata. Hata mke wake, tena kwa mapenzi. Bata wa jirani hawakudhurika. Kilichozama ni heshima.

Biashara ya kukodisha matrekta ilikuwa ya mama mkwe, na mama mkwe alikuwa ametamka mbele ya familia nzima: leo ni mara ya mwisho. Trekta likifika kwa mteja bila kusogea, Bata anabaki na ufunguo wa lori. Likisogea, ufunguo unakwenda kwa mume wa shemeji yake, bwana mwenye tabasamu la kuudhi, ambaye tayari alikuwa amenunua mto wa kukalia.

Kwa hiyo Bata alifunga trekta kama vile lilikuwa na mpango wa kutoroka. Aliliweka katikati ya tela, uzito ukielemea mbele kidogo. Alivuta breki ya mkono, akatia gia, akazima. Kila pembe aliipa mnyororo wake, akaukaza mpaka matairi yakanywea. Akatundika kitambaa chekundu, akajaribu taa, akazijaribu tena kwa sababu mama mkwe alikuwa anatazama.

Ua lenyewe halikuwa na nafasi ya kujinyoosha. Majembe ya diski, matangi ya dawa, choo cha mabati chenye magurudumu ambacho huwafuata wavunaji mashambani, tela juu ya tela: vyote vilikuwa vimebanana hata paka wa pale alitembea kiubavu. Bata alilala kifudifudi, kichwa uvunguni, akarudisha mkono nyuma akipapasa. Vidole vikakuta pete ya chuma, nene, imara. Akaunasa mkia wa mnyororo hapo.

“Imeng'ata?” sauti ya mama mkwe iliuliza.

“Imeng'ata, mama.”

“Haya. Mimi naenda kusoma gazeti langu mahali ambapo hakuna wa kunisumbua. Na nisikie umepokea simu ukiendesha! Dereva anayepokea simu barabarani si mkwe wangu. Hata nikipiga mimi. Umesikia, Bata?”

“Hata ukipiga wewe, mama.”

Akasikia ndara zikiburuzika, kisha mlango ukijibamiza. Akatambaa mpaka upande wa mbele, akakagua jinsi tela lilivyoshikana na lori, akajipangusa vumbi, akapanda.

Lori lilitoka uani kwa mwendo wa bibi harusi. Kwenye vioo Bata hakuona nyuma ila matairi mapana ya trekta, na matairi hayo hayakutikisika. Alitamani mume wa shemeji yake angekuwa hapo, na mto wake.

Simu ikaita. Kwenye kioo chake liliandikwa jina: Mama Mkwe.

Bata akacheka peke yake. Mtego wa waziwazi namna ile! Akaiacha ilie. Ikakata, ikaita tena. Akaiacha. Ilipoita kwa mara nyingine, alianza hata kuimba kwa kufuata mlio wake.

Mjini, watu walisimama kando ya barabara kumtazama. Kinyozi alitoka nje na mteja aliyenyolewa upande mmoja. Muuza viatu alipiga makofi. Watoto wa shule walikimbia nyuma ya tela wakishangilia. Bata akawapungia mkono kwa unyenyekevu. Hakujua kama watu wa kawaida wanathamini mnyororo uliokazwa vizuri, lakini kumbe wanathamini.

Kitu kimoja tu kilimkera. Kila alipokanyaga breki kwenye tuta, kitu kiligonga huko nyuma, gubu! Alikuwa anatafuta pa kusimama akague, ndipo askari wa barabarani akamwonyesha mkono.

“Zima gari. Leseni.”

Bata akashuka, jasho likimtoka. Askari akapanda kwenye tela, akavuta mnyororo mmoja, akavuta mwingine. Akaning'inia kwenye wa tatu kwa uzito wake wote, na wake haukuwa mdogo. Trekta halikusogea hata unywele.

“Aisee,” alisema akishuka. “Tangu nianze kazi hii sijaona trekta lililofungwa hivi. Nani amekufundisha?”

“Mama mkwe wangu, afande,” Bata alisema kwa fahari. “Hata simu yake sikuipokea, na amepiga njia nzima.”

“Mwanamke wa maana huyo. Yuko wapi nimpe mkono?”

“Nimemwacha uani, afande. Anasoma gazeti.”

Askari akatikisa kichwa kwa heshima, akazunguka kwenda kukagua taa za nyuma. Hatua zake zikakoma nyuma ya tela. Kisha Bata akasikia askari akigonga bati, taratibu, kama mtu mwenye adabu zake.

“Kuna mtu!” alijibu mama mkwe.