Kitambaa cha Bi Tunu

Mambo yaliharibika ile Jumanne iliyofuata Idi. Mzee Mbaruku aliiongezea kasi kadi ya picha ya kompyuta yake ya bei ya chini, yaani kipande kinachoonyesha picha kwenye kioo, ili video ya marehemu mkewe, Bi Tunu, akicheza kwenye harusi ya binti yao iache kukwamakwama. Kioo kikawa cheusi.

"Umeme wao huo!" alifoka. "Wakubwa wanakula tu, sisi wanatuunguzia vitu!"

"Umeme upo, baba. Feni ya dari si hiyo inazunguka?" Jirani yake Saumu, fundi wa kompyuta, aligusa kasha la kompyuta, akaurudisha mkono haraka. "Si nilikwambia uongeze kidogo kidogo, kila mara upime joto?"

"Nimeongeza kidogo!"

"Na hiki je?" Alionyesha kitambaa cha kufuma kilicholifunika kasha lote, hata matundu ya hewa. "Umeivalisha koti, baba! Haijaungua, imejizima tu. Kitoe, tuirudishe kasi ya mwanzo, tuanze upya."

Mzee alikishika pindo. Bi Tunu alikifuma mwenyewe, akakitandika mwenyewe, na tangu azikwe hakuna aliyekigusa.

"Aliyekiweka ni yeye," alisema. "Sasa ruhusa ya kukitoa naiomba kwa nani?"